Kipande cha godoro si cha kuoshea gari

Mie miaka yote nikiosha gari kwa kipande cha godoro, kama wanavyofanya wengi hapa kwetu Unguja, unakata pembe ya godoro bovu, unatia kwenye ndoo ya sabuni ya unga, unasugua mpaka jasho likutoke. Siku moja usiku niko foleni ya mafuta, taa za pale zimeipiga boneti nyeusi, nkaona miduara miduara gari zima kama utando wa buibui. Nkailaumu rangi, kumbe mkwaruzaji ni mie mwenyewe kila Ijumaa asubuhi.

Sababu yake ni hivi. Godoro lina uso bapa na vitundu vyake vidogo, punje ya mchanga haina pa kujificha, inabaki katikati ya godoro na rangi, na kila ukisukuma mkono unaiburura. Na sisi mchanga tutaukimbia wapi yakhe, ukitoka pwani ya Paje au Jambiani unakuja nao, ukipita njia ya kifusi unakuja na vumbi jeupe, upepo wa kusi nao ukivuma chumvi inaganda mpaka kwenye vioo. Mchanga ule mguuni laini kama unga lakini kwenye rangi ni msasa. Kwa hiyo ukienda sokoni Darajani au Mwanakwerekwe kununuwa kitu cha kuoshea usiulize kipi laini, vyote vikiwa vipya ni laini. Uliza mchanga utaingia wapi.

Glovu ya maikrofaiba, kitambaa cha nyuzi nyembamba mno, yenye vidole vidole kama tambi kwa nje, ndo naitumia mie. Mchanga unazama baina ya vile vidole, ukiichovya ndoo ya maji safi ukaikamua unatoka. Itie mkono kabla hujalipa: vidole viwe virefu, sentimita mbili hivi au zaidi, na viwe vingi, maana nyengine ukivitenganisha unaona kitambaa kitupu chini na hapo ndo patakapokwaruza. Angalia na mshono wa ukingoni usiwe wa uzi mgumu wa plastiki, na kile kilebo kikate kabisa. Isikubane wala isipwaye, ikipwaya ikishiba maji inavuka mkononi inaanguka chini.

Ya manyoya ya kondoo ni laini zaidi, sikatai, lakini kwa hali ya hewa yetu ni kujitafutia kazi. Haikauki upesi, ukiianika juani ngozi yake inakakamaa, ukiiacha ndani wakati wa masika inaota ukungu na kunuka kama beberu aliyenyeshewa.

Sponji lenye upande wa kijani wa kusugulia sufuria liache jikoni. Dodoki la kuogea pia, hata likirowekwa nyuzi zake bado ngumu.

Kuna wanaoniuliza hizi sifongo za baharini, wanazozikuza akina mama wa Jambiani kwenye kamba kule majini. Kwa kazi yenyewe zinafaa, vitundu vyake ni vikubwa na vya ndani so mchanga unapata pa kuingia, ila roweka kwanza kwa sababu ikiwa kavu ni ngumu, halafu ibonyezebonyeze isije ikawa na kipande cha kombe ndani. Lakini zile ni za kuogea, wateja wake khaswa watalii, na nyingi zinaenea kiganjani tu. Kuoshea Noah nzima kwa kitu kile utamaliza magharibi.

Ukiwa na shaka chukuwa CD ya taarabu isiyopiga tena, irowanishe, nyunyiza mchanga kidogo, nusu pitisha godoro nusu pitisha glovu, mkono mwepesi sawasawa, kisha itizame juani, utaona tafauti mwenyewe.

Na glovu nzuri haitakusaidia kitu kama hujamwagia gari maji mengi kwanza, hasa ile iliyotoka pwani. Ndoo mbili, moja ya sabuni moja ya maji matupu ya kusuuzia glovu, anza juu ya paa shuka, na usisugue kwa miduara, pitisha moja kwa moja. Maji ya kisima yenu yakiwa na chumvi fanya haraka kufuta, yasikaukie juu ya rangi. Glovu ikianguka chini, hata kama sakafu umeiona safi, usiirudishe kwenye gari mpaka uisuuze vizuri, na ukimaliza ifue kwa sabuni ya kawaida bila ile dawa ya kulainishia nguo, ianike kivulini penye upepo.

Lile godoro sijalitupa. Lipo nyuma ya banda, la kuoshea mipira ya gari tu, na watoto nshawaambia.