Mgogoro wa mpaka na jirani: hatua za kuumaliza bila kuharibu ushahidi

Ukigundua kwamba uzio wa jirani umeingia upande wako, au jirani akija kukwambia kwamba wako ndio umeingia kwake, acha kwanza kila kitu kilivyo. Usichimbue nguzo, usikate ua, usisogeze jiwe la mpaka hata kama una hakika limehamishwa. Mpima ardhi atakayekuja anahitaji alama hizo zikiwa mahali zilipokutwa, na katika nchi nyingi kung'oa au kuharibu alama ya mpaka ni kosa la jinai hata kama ardhi itaonekana baadaye kuwa ni yako. Watu wengi wenye haki kamili wameangukia upande wa washtakiwa kwa sababu ya kubomoa uzio wakiwa na hasira.

Jambo moja tu halisubiri, nalo ni ujenzi. Jirani akianza kuchimba msingi kwenye sehemu mnayobishania, mpe barua ya pingamizi siku hiyohiyo, nakala ipeleke kwa mamlaka inayotoa vibali vya ujenzi, na umwone wakili kuhusu zuio la muda la mahakama. Msingi wenye mitaro mitupu ni rahisi kuusimamisha. Nyumba iliyokwisha kuezekwa ni habari nyingine: mahakama nyingi husita kuivunja kwa ajili ya kipande chembamba cha ardhi na badala yake huamuru fidia. Aliyenyamaza akitazama kuta zikipanda hupata shida kueleza kwa nini alinyamaza.

Mnabishania nini hasa?

Migogoro ya mpaka hufanana kwa kelele, lakini chini yake kuna mambo matatu tofauti, na dawa ya moja haitibu lingine.

La kwanza: karatasi zenu zinakubaliana, ila hamjui mstari wa kwenye karatasi unapita wapi ardhini. Hili ni suala la kipimo na mpima ardhi ndiye wa kulimaliza. La pili: karatasi zenyewe zinapingana, ramani yako ikionyesha mita 30 na yake ikizila mita 2 kati ya hizo. Hapo kuna kosa lililofanyika wakati wa kupima au kugawa, na mwenye uwezo wa kulirekebisha ni ofisi ya usajili wa ardhi. La tatu: mstari unajulikana na wote, lakini mmoja ametumia kipande cha mwenzake kwa miaka mingi. Hilo ni la kisheria. Ukimwita mpima ardhi kwa tatizo la namna hii atakuonyesha tu kile unachokijua tayari, na gharama utalipa.

Kusanya karatasi, kisha zisome kwa makini

Omba upekuzi rasmi kwenye ofisi ya usajili, wa kipande chako na wa jirani pia. Katika nchi nyingi daftari hilo liko wazi kwa yeyote anayelipia. Chukua hati miliki, ramani ya upimaji, ramani ya mgawanyo kama kiwanja kilikatwa kutoka shamba kubwa, na mikataba ya mauzo ya zamani. Mkataba wa muuzaji wa kwanza mara nyingi una sentensi yenye thamani kuliko hati yote, kama vile "hadi kwenye mti mkubwa ulio kaskazini" au "hatua mbili kutoka mfereji".

Elewa kwamba hati miliki inasema nani mwenye ardhi na ukubwa wake. Mstari ulipo unaelezwa na ramani. Kwa hiyo hoja ya "hati yangu inasema robo eka na mimi sina robo eka" ni dhaifu. Katika nchi nyingi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, vielelezo vinapogongana, uzito huanzia kwenye alama za asili kama mto au mwamba, kisha alama zilizowekwa na watu, kisha vipimo vya urefu na pembe, na ukubwa wa eneo huwa mwisho. Jiwe la awali ambalo halijaguswa linaweza kuishinda namba iliyoandikwa.

Halafu uliza ramani yako ni ya aina gani. Zipo zilizopimwa kona kwa kona, zenye viwianishi, yaani namba zinazoonyesha kila kona ilipo. Zipo pia za mipaka ya jumla, zilizochorwa kwa kufuata ua na vijia vilivyoonekana kwenye picha za angani. Hizi za pili hazikukusudiwa kuonyesha mpaka kwa sentimita, na ugomvi mwingi unatokana na kuzidai kazi hiyo. Chukua skeli ya 1:2,500: mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita unafunika mita 1.25 ardhini. Kwenye skeli ya 1:5,000 unafunika mita 2.5. Ikiwa mnagombania mita moja na ramani yenu ni ya namna hiyo, mita hiyo imo ndani ya wino. Mpaka wenu utatafutwa kwenye alama za ardhini, mashahidi na matumizi ya miaka, na rula haitasaidia.

Nenda shambani ukiwa na kamera

Tafuta mawe ya mpaka, ambayo wengi huyaita bikoni: nguzo fupi za zege, vyuma vilivyozikwa, mabomba. Mara nyingi yamefukiwa chini kidogo ya udongo, hivyo fyeka na kwangua taratibu, usichimbe shimo. Jiwe lililo mahali pake huwa limesimama wima, limeshikwa na zege au udongo mgumu, na mara nyingi lina namba. Lililohamishwa hujitoa lenyewe: limeinama, udongo wake ni laini, zege yake ni mpya kuliko ya wenzake, au liko juujuu tu. Trekta, greda la barabara na fundi wa uzio huhamisha mawe mengi kuliko majirani wabaya, kwa hiyo usianze kwa kumshutumu mtu.

Piga picha za kila alama, moja ya karibu yenye tepu pembeni na nyingine ya mbali inayoonyesha kitu kisichohama, kama kona ya nyumba. Andika tarehe. Google Earth ina picha za miaka iliyopita, na zinafaa sana kuonyesha uzio au jengo lilianza kuonekana lini. Usizitumie kupimia mpaka. Picha ya setilaiti inaweza kuwa imekaa mita kadhaa pembeni ya mahali halisi. Simu nayo ni hivyohivyo: penye anga wazi hukosea kama mita 5, na zaidi karibu na kuta au miti. Kipokezi cha setilaiti anachotumia mpima ardhi hufika sentimita 1 hadi 3, tofauti kubwa mno kwa ugomvi wa upana wa hatua moja.

Unaweza kupima mwenyewe kwa tepu ili ujue kama kuna hoja, mradi uepuke makosa mawili yanayowapotosha wengi.

Kosa la kwanza ni mteremko. Urefu wa kwenye ramani ni wa usawa, kana kwamba ardhi ni tambarare. Ukitandaza tepu juu ya mteremko wa digrii 15, upande ambao ramani inauita mita 50 utasoma takriban mita 51.76. Pima kiwanja cha jirani hivyo na utaapa kwamba amekula mita moja na robo tatu, wakati hajala kitu. Panda au shuka kwa vipande vya mita 5 hadi 10, tepu ikishikwa usawa na kuvutwa ikaze, na timazi, yaani uzi wenye uzito mwishoni, ikishusha nukta hadi chini.

Kosa la pili ni kupima pande nne na kuacha kona kwa kona. Chukua kiwanja cha mita 15 kwa 30 ambacho ramani inaonyesha kina pembe mraba. Kila mshazari, yaani mstari wa kona hadi kona ya mkabala, unatakiwa kusoma mita 33.54. Ukipata 34.2 na 32.9, pande zote nne zinaweza kuwa sahihi kabisa na bado kiwanja kimelala upande: kona za nyuma zimeteleza karibu mita moja na nusu kuelekea kwa jirani mmoja. Hivi ndivyo majirani wawili wanavyoweza kupima kwa uaminifu, kila mmoja akapata vipimo vyake kamili, na bado wasielewane.

Zungumza kabla ya kuandika, na andika kabla ya kuchelewa

Mwendee jirani ukiwa na nakala za karatasi, bila kundi la ndugu nyuma yako. Usimwambie "umeingia kwangu". Mwonyeshe ulichokikuta na umwombe akuonyeshe alichonacho. Waliokuwepo wakati uzio unajengwa, wakiwemo wazee na wamiliki wa zamani, waulizeni pamoja. Shahidi aliyeulizwa na upande mmoja huonekana amenunuliwa.

Baada ya mazungumzo, tuma barua fupi hata kama mmeelewana:

"Jirani yangu, nakushukuru kwa mazungumzo yetu ya tarehe hii. Tulikubaliana kwamba hatuna uhakika wa mpaka kati ya kipande namba fulani na namba fulani, kuanzia jiwe la barabarani hadi la mtoni. Napendekeza tumwite mpima ardhi mmoja tutakayemlipa nusu kwa nusu. Hadi apime, sote tusijenge, tusilime upya wala kukata miti kwenye kipande hicho. Naomba unijibu kabla ya tarehe hii."

Barua ya namna hiyo haina tusi wala tishio, na haikubali lolote linaloweza kukugeukia. Epuka kuandika "huenda ni kwako" kwa ajili ya adabu tu. Karatasi hiyo inaweza kusomwa mahakamani.

Mpima ardhi mmoja, si wawili

Kila upande ukileta wake, matokeo ya kawaida ni ripoti mbili zinazopingana na gharama mara mbili. Mmoja, aliyesajiliwa, anayepokea maelekezo yaliyosainiwa na wote wawili, ana uzito mkubwa zaidi. Nchini Ufaransa kanuni ya sheria za kiraia inampa kila mmiliki haki ya kumtaka jirani yake waweke alama za mpaka kwa gharama za pamoja. Kwingine mnalazimika kupatana wenyewe.

Katika maelekezo, taja mstari gani unapimwa, apate kumbukumbu za awali kutoka ofisi ya upimaji, aanzie kwenye mawe ambayo hayana ubishi hata kama yako mbali na viwanja vyenu, na atoe ripoti yenye mchoro, viwianishi na maelezo ya kila jiwe alilolikuta au kulikosa. Muulize pia kumbukumbu za zamani ziko kwenye mfumo gani wa viwianishi. Namba za mfumo wa zamani zikisomwa kama za mfumo wa setilaiti bila kugeuzwa, kona inaweza kuhama mamia ya mita. Wote muwepo siku ya kupima, na mpige picha kila kigingi kabla hakijagongwa na baada ya kugongwa.

Mto ukiwa ndio mpaka, mwambie mapema. Kwa kawaida mto unaosogea polepole, mchanga kwa mchanga, husogea na mpaka wake. Ukihama ghafla kwa mafuriko, mpaka hubaki kwenye mkondo wa zamani.

Saa inayokimbia

Katika nchi nyingi mtu anayetumia ardhi ya mwenzake waziwazi, bila ruhusa na bila kukatizwa, anaweza kupata haki juu yake. Kenya muda huo ni miaka 12. Ufaransa kwa kawaida ni 30. Uingereza, kwa ardhi iliyosajiliwa, anaweza kupeleka maombi baada ya miaka 10, ila mmiliki hupewa taarifa na nafasi ya kupinga. Barua ya malalamiko peke yake mara nyingi haisimamishi saa. Kinachosimamisha kwa kawaida ni kesi iliyofunguliwa, maandishi ambayo jirani mwenyewe anakiri ardhi si yake, au ruhusa ya maandishi anayoipokea. Ndiyo maana kumwambia "endelea kupanda mboga hapo, ila tuandikiane" ni ukarimu na kinga kwa pamoja. Ukikaribia mwisho wa muda, nenda kwa wakili wiki hiyo, usisubiri kikao kingine.

Mkishaelewana

Suluhu si lazima iwe kurudisha kila sentimita. Mnaweza kubadilishana vipande, mmoja akauza ukanda, akampa mwenzake haki ya njia, au mkaacha ukuta ulipo hadi utakapojengwa upya, kwa tarehe iliyotajwa. Tofautisha mambo mawili lakini. Kukubaliana mstari uliokuwa hauna uhakika uko wapi ni jambo moja. Kuhamisha ardhi ambayo kila mtu anajua ni ya nani ni jambo lingine, linalodai mgawanyo, uhamisho na pengine kodi. Likifichwa ndani ya la kwanza, hukataliwa na msajili.

Hati ya makubaliano iambatane na mchoro wa mpima ardhi, isainiwe na wamiliki wote wanaotajwa kwenye hati miliki, na mashahidi. Mwenzi wa ndoa aridhie pale sheria inapodai hivyo. Ardhi ikiwa imewekwa rehani, benki iridhie kwa maandishi. Kisha isajiliwe, kwa sababu karatasi iliyo kabatini haimfungi mtu atakayenunua kiwanja cha jirani miaka mitano ijayo.

Mkishindwa kuelewana, nendeni kwa msuluhishi kwanza, na ulizeni utaratibu wa nchi yenu kabla ya kufungua kesi. Kwa mfano Kenya, mahakama haisikilizi shauri la mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla mpaka huo haujaamuliwa kwa utaratibu wa sheria ya usajili, na kesi iliyofunguliwa mapema hutupwa ikiwa imekula muda na ada ya wakili. Ukifika mahakamani, peleka ripoti ya mpima ardhi, picha zenye tarehe, barua zote na mashahidi waliouona uzio ukijengwa. Mawe mapya yakishawekwa, yazungushie nafasi ya kuonekana bila kufyeka, na mwonyeshe kila fundi atakayechimba karibu nayo kabla hajashika sururu.