Namna ya Kuchagua Kompaila ya C kwa Kompyuta ya Nyumbani

Anayetaka kujifunza lugha ya C nyumbani hana haja ya kununua chochote, kwa kuwa kompaila (programu inayogeuza maandishi ya C kuwa programu ambayo kompyuta inaweza kuiendesha) kubwa zinazotumika leo kwenye kompyuta za kawaida hupatikana bure kwa mwanafunzi. Kinachompasa kuamua ni ipi ataanza nayo, na uamuzi huo hutegemea mambo mawili: mfumo endeshi alio nao, na uwezo wa kompaila yenyewe wa kumwonyesha alikokosea.

Mwenye Linux hana kazi kubwa. GCC, ambayo Richard Stallman aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 katika mradi wa GNU, ndiyo kompaila ya kawaida huko, na kwenye Ubuntu au Debian huwekwa pamoja na vifaa vyake vyote kwa amri `sudo apt install build-essential`. Mwenye Mac aandike `xcode-select --install` kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, naye atapata Clang, kompaila nyingine ya C. Afahamu tu kwamba hata akiita `gcc` kwenye mashine hiyo, inayoitika ni Clang ileile.

Kwenye Windows ndiko kwenye kutatiza, kwa sababu mfumo huo hauji na kompaila ya C. Njia ya kwanza ni Visual Studio Community ya Microsoft, ambayo ni imara na ina kitatuzi kizuri cha hitilafu, lakini upakuaji wake ni wa gigabaiti kadhaa, jambo la kupimwa vyema na anayetumia bando la simu. Zaidi ya hayo, haikubali safu (arrays, yaani orodha za thamani zilizopangwa mfululizo) ambazo urefu wake hujulikana wakati programu inaendeshwa, na hulalamikia `scanf`, amri ya kusoma anachoandika mtumiaji, ambayo vitabu vingi vya kufundishia huitumia tangu sura za mwanzo. Njia ya pili ni MSYS2, mkusanyiko wa vifaa vya kuandikia programu kwenye Windows, inayoleta GCC kwa amri `pacman -S mingw-w64-ucrt-x86_64-gcc`, nayo ni nyepesi zaidi. Njia ya tatu ni WSL, yaani Linux ndani ya Windows, inayosakinishwa kwa `wsl --install`. Kompyuta yenye kumbukumbu ndogo inaweza kulemewa nayo.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni maonyo. Lugha ya C humwamini mno mwandishi wake: ukisoma safu kupita mwisho wake, au ukiandika `if (umri = 18)`, ambayo huipa `umri` thamani 18, ilhali ulikusudia `==` ya kulinganisha, programu inaweza kutengenezwa na kuendeshwa kama kwamba hakuna kosa, kisha ikatoa majibu ya uongo. Clang huonya kuhusu kosa hilo la pili bila kuombwa, ilhali GCC hunyamaza mpaka uongeze `-Wall`. Kwa hiyo zoea mapema kuandika `gcc -Wall -Wextra -g kazi.c -o kazi`, wala usisonge mbele kabla hujaelewa kila onyo linalotokea. Kwa makosa ya safu na vielekezi (pointers, yaani vigeu vinavyohifadhi anwani za kumbukumbu), ongeza `-fsanitize=address`: programu itasimama mara tu inapogusa kumbukumbu isiyo yake na kukutajia mstari wenye kosa. Kinga hiyo ipo kwenye Linux na Mac, lakini GCC ya MSYS2 haina, nami naona hiyo ni sababu ya kutosha kwa mwenye Windows na kompyuta yenye nguvu kupendelea WSL.

Turbo C ya Borland, iliyotoka mwaka 1987 kwa ajili ya MS-DOS, bado hufundishwa mahali pengi, na inasikitisha, kwa maana `int` yake, aina ya namba nzima, huishia 32,767, haijui C99 (kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1999) wala viwango vilivyofuata, na kwenye Windows ya biti 64 haiendeshwi bila kiigizi kama DOSBox. Mwalimu akiidai, itumie kwa zoezi lake, lakini kazi yako ya nyumbani ifanye kwa kompaila ya kisasa. TCC, kompaila ya Fabrice Bellard, kwa upande wake, ni ndogo na ya kasi ya ajabu, ila maonyo yake ni machache mno kumfaa anayeanza.

Ukishazoea kompaila moja, sakinisha ya pili na uipe faili zilezile, ukitumia `-std=c17 -pedantic` kwa GCC na Clang ili zifuate kiwango cha C17 kwa ukali, kwani mara nyingi moja huona kosa ambalo nyingine imelipita.