Somo: Jirani wa OSPF amekwama EXSTART, unaanzia wapi?

Wakuu, wiki hii watu watatu wameniletea tatizo moja, kila mmoja akidhani ni la kwake peke yake: tuneli ya GRE (njia ya kufikirika inayobeba pakiti ndani ya pakiti nyingine) imepanda, pingi inapita, lakini OSPF, itifaki ya ruta kupashana njia, imeganda EXSTART, hatua ya mwanzo ya majirani kubadilishana taarifa kabla ya kufika FULL, yaani ujirani kamili. Hata mimi liliwahi kunitesa, tena si kwenye maabara ya kujisomea. Lilikuwa kati ya ofisi moja hapa mjini Mwanza na tawi lake Nansio, kule Ukerewe. Leo tulimalize.

Hatua ya 1: toa mikono kwenye kibodi. Chukua karatasi, chora ruta zote mbili, andika anwani, maski na namba ya eria. Najua inaonekana kazi ya kitoto. Mtihani wa vitendo wa CCIE, cheti cha juu cha mitandao cha Cisco, ni saa 8, na kwa Enterprise Infrastructure saa 3 za mwanzo ni za usanifu, saa 5 ndizo za kushika vifaa. Humo ndani, dakika mbili za kuchora hazikuumizi. Kinachokula muda ni kugusa mstari hapa, mstari pale, mpaka hujui tena kipi ulikikuta kibovu na kipi umekiharibu mwenyewe.

Hatua ya 2: uliza hali ya jirani. Andika `show ip ospf neighbor`, kisha soma safu ya State. Orodha ikiwa tupu, hello (pakiti za salamu za OSPF) hazifiki au hazikubaliani: maski, eria, nenosiri, au muda wa hello na dead, ambao kwenye Ethernet kwa kawaida ni sekunde 10 na 40. INIT maana yake wewe unamsikia, yeye hajakusikia. 2WAY isikutishe kama ruta nyingi ziko kwenye swichi moja. Wasio DR wala BDR (ruta kiongozi na msaidizi wake kwenye mtandao huo) huishia hapo hapo wao kwa wao. Ukiona EXSTART au EXCHANGE, shuku MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ambayo intafesi inapitisha) kabla ya kitu kingine.

Hatua ya 3: elewa MTU inavyogombanisha majirani. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu pingi inawadanganya. Pingi ya kawaida ya ruta ya Cisco ni baiti 100 tu. Hiyo itapita hata penye kichochoro. Hello nazo ni ndogo. Ila wakifika kwenye kubadilishana orodha za kanzidata, kila ruta huandika MTU ya intafesi yake ndani ya pakiti ya DBD, ile inayobeba orodha hiyo. Mwenzake akiona namba iliyo kubwa kuliko yake, anaitupa. Angalieni vizuri: pakiti yenyewe inaweza kuwa ndogo kabisa. Inatupwa kwa ile namba iliyoandikwa ndani. Aliyetuma anarudia, anarudia, mpaka logi inaandika *Too many retransmissions*, ujirani unavunjika, na mchezo unaanza upya.

Kwenye tuneli hili hutokea kirahisi mno. Ethernet ni 1500, GRE inachukua baiti 24, ruta inabaki na 1476 bila wewe kuigusa. Upande wa Mwanza mtu alishaweka `ip mtu 1400` kwa sababu ya IPsec, usimbaji fiche unaoongeza baiti zake kwenye pakiti. Upande wa Nansio uliachwa na 1476 yake.

Hatua ya 4: sikiliza pande zote mbili. Mzee wa baraza hakati shauri kwa maneno ya mlalamikaji peke yake. Kwenye kila ruta andika:

`show ip interface Tunnel0 | include MTU`

Moja ikisema 1400 na nyingine 1476, umeshampata mwizi. Sahihisha ile ya 1476 iwe 1400, ongeza na `ip tcp adjust-mss 1360` ili data ya TCP ndani ya kila pakiti isizidi hapo, kwani vichwa vya IP na TCP vinakula baiti 40. Subiri ipande FULL.

Hatua ya 5: jiwekee njia ya kurudi. Kabla ya kugusa ruta ya mbali, andika `reload in 10`. Ukijifungia nje, baada ya dakika 10 itajiwasha upya na usanidi wa zamani. Mambo yakikaa sawa, `reload cancel`, ndipo uhifadhi. Siku ile mimi nilibandika mistari yote kwa mkupuo, `write memory` ikiwa mwishoni, na shutdown moja (amri ya kuzima intafesi) ikaangukia intafesi ya kutokea nje. Kidirisha kikaganda. Kumwomba mlinzi azime na kuwasha ruta hakukusaidia, ujinga ulikuwa umeshahifadhiwa. Kesho yake nilikuwa kwenye meli ya Nansio, laptop mapajani, kwenda kuandika `no shutdown`.

Maswali ya wanakikundi

Igoma: Mkuu, kwani `ip ospf mtu-ignore` haitoshi? Mimi nikiiweka inapanda fasta.

Inapanda, ndiyo. Umemwambia asisome ile namba, ila njia haijapanuka. Itumie pale swali linapokukataza kubadilisha MTU. Kazini irekebishe MTU yenyewe.

Nyegezi: Kaka, kwangu imefika FULL pande zote lakini ruti hazionekani kwenye jedwali. Nimekesha.

Pole sana. Angalia aina ya mtandao kwa `show ip ospf interface`. Nina hakika upande mmoja ni point-to-point (ruta mbili tu) na mwingine broadcast (ruta nyingi pamoja). Hello na dead zao zinafanana, kwa hiyo majirani wanakubaliana vizuri, lakini kila mmoja anauchora mtandao kivyake na hesabu ya njia inagoma. Zifananishe.

Kirumba: Kwa maabara ya nyumbani ninunue ruta za mtumba?

Usinunue. Kompyuta moja yenye RAM ya kutosha na GNS3 au EVE-NG, programu za kuiga ruta, inatosha, na kwa somo la leo ruta mbili tu zinakidhi. Hela inayobaki nunua UPS. Umeme ukikatika katikati ya zoezi utanikumbuka.

Igoma: Nimerekebisha MTU, FULL. Ila sasa namwona jirani wa tatu. Simjui.

Safu ya mwisho inasema yuko intafesi gani?

Igoma: Ile ya wafanyakazi, inayoenda kwenye swichi ya mapokezi.

Weka `passive-interface default`, intafesi zote ziache kutuma hello, kisha ifungulie Tunnel0 peke yake kwa `no passive-interface Tunnel0`. Halafu shuka mapokezi ukaangalie nani kachomeka nini.