SOMO: Kupima usikivu kwa video, mgonjwa yuko Chanika na mtaalamu yuko Upanga

Wakuu, inboksi imejaa swali lile lile: "Nimempigia mgonjwa video nikamchezea mlio, mbona majibu hayaeleweki?" Naandika mara moja, atakayeuliza tena ataelekezwa hapa. Mtandaoni hupita picha, maongezi na amri. Mlio wa kipimo haupiti.

1. Vifaa vya zahanati: kompyuta mpakato, odiometa (mashine ya kupima usikivu) ya USB na hedifoni zake, otoskopu ya video (kamera ya kutazama ndani ya sikio), simu ya maongezi. Na mhudumu aliyefundishwa.

2. Ridhaa. Mgonjwa aambiwe nani anamwona na picha zitakaa wapi. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya ni nyeti. Faili lipewe namba, si jina.

3. Chumba. Zima feni na kiyoyozi. Friji ya chanjo usiiguse, hama wewe. Lenga kelele chini ya desibeli 40; programu ya simu ya kupima kelele haina usahihi wa maabara ila inatosha kulinganisha chumba na chumba.

4. Tazama sikio kwanza. Mtu mzima vuta sikio juu na nyuma, mtoto mdogo chini na nyuma. Mkono ulioshika otoskopu uegemee shavu lake, akishtuka muende pamoja. Kioo kikipata ukungu, kipashe moto kidogo kwa mkono. Ule mng'ao kwenye ngoma ya sikio la kulia hukaa kwenye namba 5 ya uso wa saa (namba, si saa tano!), wa kushoto kwenye namba 7. Ukiuona pengine, huenda kamera imegeuka au umeandika sikio siyo. Nta ikiziba, simama hapo. Ukipima, utakuwa unaipima nta.

5. Mlio. Hapa ndipo nilipoharibu mwanzoni, someni taratibu. Programu za maongezi zimetengenezwa kwa sauti ya mtu. Mlio mmoja usiobadilika zinauona kama mngurumo wa feni na kuufuta, au zinaupandisha na kuushusha zenyewe. Unatuma desibeli 30, inafika 50 au haifiki kabisa, na hakuna anayejua. Kuzima uchujaji kwenye Zoom hakuponyi, kwa sababu spika ya upande wa pili haijapimwa. Basi odiometa ichomekwe kwenye kompyuta ya zahanati na mtaalamu aiendeshe kwa AnyDesk (programu ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali) au inayofanana nayo. ONYO: hedifoni imesawazishwa pamoja na odiometa yake. Ukichomeka nyingine, hata kama tundu linaingia, namba zote ni za kubuni. Usawazishaji ni kila mwaka. ONYO la pili: zima arifa zote za kompyuta, mlio wa meseji ukimwingia mgonjwa sikioni atabonyeza. Na kitufe cha kujibu kiunganishwe kwenye odiometa. Usitegemee mkono ulioinuliwa kwenye video, picha huchelewa.

6. Hedifoni: nyekundu kulia, bluu kushoto. Anza na sikio analosema ni zima: hetzi 1000, 2000, 4000, 8000, rudia 1000, kisha 500 na 250. Akisikia shuka desibeli 10, asiposikia panda 5. Zile 1000 mbili zikipishana zaidi ya 5, mwelekeze upya.

7. Kumpa majibu: mwanga uangukie uso wako, dirisha lisiwe mgongoni, midomo ionekane. Anayesikia kwa shida anakusoma.

MASWALI

Kijana wa Tandika: Mkuu, nina earphone za simu tu. Nizitumie?

Mleta mada: Hatua ya 5.

Kijana wa Tandika: Lakini sauti inasikika safi kabisa.

Mleta mada: Kusikika na kupimwa ni vitu viwili. Soma tena hatua ya 5.

Nesi wa Mbagala: Asante kaka. Umeme ukikatika jirani akawasha jenereta, namba za 250 na 500 (desibeli ndogo kabisa anazosikia mtu) zinapanda hata kwa vijana wazima, ila 4000 haitikisiki. Kwa nini?

Mleta mada: Dada, umeangalia vizuri. Mngurumo wa jenereta ni sauti nzito, na mito ya hedifoni huzuia sauti nyembamba vizuri zaidi kuliko nzito. Kwa hiyo kelele inaimeza milio mizito peke yake. Kila asubuhi mpime mwenzako unayejua anasikia. 500 yake ikipanda kwa 10, kosa ni la chumba. Andika "jenereta" pembeni ya grafu, umeme ukirudi rudia 250 na 500 tu.

Fundi Spika: Bando linahitaji kasi gani?

Mleta mada: Mbps 1 ya kupandisha hutosha kwa video ya maongezi. Ikisuasua, rekodi otoskopu sekunde 10 kila sikio, utume baadaye. Picha ya sikio inaweza kusubiri.

Mzee wa Temeke: Ndugu yangu sikio moja limezima ghafla tangu juzi. Mtampima kwa video?

Mleta mada: Hapana, mzee wangu. Leo hii hii apelekwe kwa daktari wa pua, koo na masikio. Kama tatizo ni la sikio la ndani, tiba inafaa zaidi ikiwahi, na siku zinahesabika. Asitiwe matone wala mafuta ya nazi.

Binti Kigamboni: Shime sikio (vifaa vya kusaidia kusikia) za mama zinakatika katikati ya marekebisho ya mbali.

Mleta mada: Weka betri mpya kabla ya kuanza. Bandua stika ya betri, iache hewani dakika moja hivi ndipo ufunge. Na kwa unyevu wa huko, usiku zilale kwenye kopo lenye silika (chembe za kunyonya unyevu), betri ikiwa nje.

Fundi Spika: Mchele je?

Mleta mada: Unga wake unaziba tundu la maikrofoni.

Binti Kigamboni: Na silika za kwenye boksi la viatu?

Mleta mada: Hizo zimeshanyonya unyevu wa kontena zima kabla hujavaa viatu. Nunua mpya.