Nyonga ya mbuzi: kupima tofauti ya umbo kati ya dume na jike

Anayeanza kuchunguza umbo la mifupa hukimbilia fuvu, kwa sababu lina pembe. Anza na nyonga. Ukuta wa ndani wa kikombe cha nyonga, pale kichwa cha paja kinapokaa, pamoja na mfupa wa kinena, kwa jike ni mwembamba na kwa beberu ni mnene. Mwanza mbuzi wanachinjwa kila siku, kwa hiyo mifupa haitakusumbua. Kitakachokusumbua ni kumbukumbu.

1. Machinjioni

Ongea kwanza na mkaguzi wa nyama. Mnyama aliyekataliwa usimguse, na hata kwa waliopitishwa vaa glavu, maana brusela, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu, haionekani kwa macho.

Andika jinsia kabla ngozi haijachunwa. Nyama ikishaning'inizwa utaambiwa tu "hilo dume", na ndani ya neno hilo kuna mabeberu na maksai. Papasa korodani mwenyewe. Maksai ni kundi la tatu: mbuzi aliyehasiwa mapema huchelewa kuunga miisho ya mifupa, miguu yake hurefuka, na nyonga yake mara nyingi huangukia katikati ya dume na jike. Ukimhesabu kama beberu, tofauti unayoitafuta inafifia na hutajua imekwenda wapi.

Umri usome kwenye meno ya mbele ya chini (juu mbuzi hana). Chukua wenye meno manne ya kudumu au zaidi, yaani takribani miaka miwili kwenda juu. Kichwa hutenganishwa na mwili mapema, kwa hiyo vipe vyote viwili namba ileile palepale. Lebo nzuri ni kipande cha kopo la soda: kwaruza namba kwa msumari, toboa, funga kwa uzi wa nailoni wa wavuvi kama ule wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Waya wa chuma utatia kutu kwenye mfupa, na karatasi itaoza.

Omba nyonga isipasuliwe. Shoka hupita kwenye kiungo cha kinena na kuvunja sehemu ileile unayoihitaji. Lenga madume 20 na majike 20. Maksai chukua utakaowapata.

2. Kusafisha

Ondoa nyama kwa kisu, kisha loweka kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, maji ya kawaida. Kwa joto la Mwanza nyama iliyobaki huachia ndani ya wiki moja hadi tatu. Funika na weka jiwe juu, la sivyo mbwa na korongo wa jalalani watamaliza utafiti wako. Usilowekee ziwani: kuna kichocho, na mawimbi hayaheshimu lebo.

Mafuta yatoe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga. Usichemshe kwa nguvu, na usitumie jiki, kwani hula uso wa mfupa na ukingo mwembamba wa jike ndio unaoanza kumomonyoka. Anika kivulini, jua kali hupasua.

3. Kipimo cha kalipa

Pima unene wa ukuta wa ndani wa kikombe, mahali penye wembamba zaidi, kwa kalipa (kifaa cha kupimia unene) inayosoma hadi 0.01 mm. Rudia siku nyingine bila kutazama namba za kwanza. Tofauti kati ya vipimo vyako viwili ikikaribia tofauti kati ya dume na jike, bado mkono haujatulia.

4. Picha

Tumia nusu ya kushoto ya nyonga tu, upande wa nje ukiwa juu, imelazwa kwenye trei ya mchanga ili isiyumbe. Rula iwe kwenye kimo kilekile cha ukingo wa kikombe. Hapa wengi huharibu: rula ikiwa mezani na ukingo uko sentimita 4 juu yake, kamera ikiwa sentimita 50 kutoka mezani, mfupa utaonekana mkubwa kwa karibu asilimia 9. Sogeza kamera hadi mita 1, kosa linashuka hadi kama 4. Simu inafaa, ila isimamishe kwenye stendi.

5. Alama

Weka alama 10 kwa tpsDig (programu ya kuweka alama kwenye picha), kwa mpangilio uleule kila picha: ncha mbili za bawa la juu, kingo nne za kikombe, ncha mbili za mfupa wa kitako, mwanzo na mwisho wa tundu kubwa kati ya kinena na kitako. Alama mbili zikibadilishana nafasi, mbuzi huyo atakaa peke yake mbali kwenye grafu. Kabla ya kushangilia ugunduzi, fungua picha yake.

6. Uchambuzi

Kwenye R (programu ya takwimu), tumia pakiti ya geomorph, inayochambua umbo. Hapa `nyonga` ni alama ulizoweka, na `jinsia` ni orodha ya jinsia za mbuzi wako:

`gpa <- gpagen(nyonga)`
`d <- geomorph.data.frame(umbo=gpa$coords, ukubwa=gpa$Csize, jinsia=jinsia)`
`summary(procD.lm(umbo ~ log(ukubwa) + jinsia, data=d))`

Ukubwa utangulie jinsia. Programu hii kwa kawaida hugawa tofauti kwa kufuata mpangilio ulioandika, na beberu ni mkubwa kuliko jike. Jinsia ikitangulia itabeba hata sehemu ambayo ni ya ukubwa tu.

Kuwa mwangalifu na uchambuzi wa kutenganisha makundi. Alama 10 za picha bapa hutoa vipimo huru 16 vya umbo, na kwa mbuzi 40 makundi yatatengana vizuri hata kama jinsia umeigawa kwa kura. Ripoti matokeo ya kumtoa mbuzi mmoja mmoja na kumkisia jinsia kwa kutumia waliobaki. Jinsia ikipoteza nguvu baada ya ukubwa kuingizwa, andika hivyo, kisha weka unene wa kalipa kwenye jedwali lake.