Watoto wakitoka shule: maji na matunda kwanza, halafu waachie wakimbie

Nyie mnaokaa na watoto baada ya shule mpaka wazazi waje, ile nusu saa ya kwanza ndo inabeba kila kitu. Mtoto anaingia, anatupa begi mlangoni, ana njaa ana kiu na amekalishwa toka asubuhi, sasa akikuta soda na biskuti mezani atakula hizo hizo maana ndo alichokiona. Na soda moja ya kopo la mililita 330 ina kama gramu 35 za sukari, ni nyingi mno kwa mtoto jamani.

Kwa hiyo kabla hawajafika weka jagi la maji na vikombe mahali wanapofikia wenyewe, sio juu ya kabati mpaka waombe. Matunda yakate kabisa. Chungwa zima linalala kwenye bakuli mpaka jioni, likikatwa vipande linaisha hata hujakaa. Ongezea cha kushibisha kama yai la kuchemsha, mtindi au karanga, ila uwe na orodha ya wenye mzio, na wa chini ya miaka 5 usiwape karanga nzima kabisa, zinapalia. Hata zabibu wakatie kwa urefu.

Usimlazimishe kumaliza, wewe panga chakula na saa, tumbo analijua mwenyewe. Akikataa kitu kipya kirudishe siku nyingine kidogo tu bila maneno, wapo wanaoonja mpaka mara ya kumi. Na pipi isiwe zawadi ya kumaliza kazi za shule, tafadhali.

Haya, kucheza. Shirika la Afya Duniani linashauri miaka 5 mpaka 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kucheza mpaka waheme, na sio lazima zote kwa mkupuo. Mimi naona kinachotuangusha ni michezo ya kutoana. Nilikuwa na mtoto mmoja mzito wa mbio, kwenye kukimbizana anashikwa wa kwanza kila siku, anaenda kukaa ukutani anachora chini na kijiti mpaka mchezo uishe, yaani anayehitaji kukimbia kuliko wote ndo amekaa. Nikabadilisha sheria, ukishikwa unaruka mara tano unarudi ndani. Wiki ile ile akawa wa mwisho kutoka uwanjani.

Wasiopenda mpira wape kamba au muziki wacheze. Mvua ikinyesha sukuma meza pembeni muendelee. Kumkimbiza mtoto kama adhabu usifanye, atachukia mbio. Na wewe ingia ucheze nao, ukikaa na simu na wao watataka simu.