Somo: Kukiiga kiwanda kwenye kompyuta kabla ya kupunguza akiba

Uzalishaji kwa wakati, ulioasisiwa Toyota na Taiichi Ohno, humtaka fundi atengeneze kile tu kinachohitajika na hatua inayofuata. Kwetu visiwani, ambako kostiki soda na vifungashio huvuka bahari, ghala likipunguzwa kwa kubahatisha kazi husimama. Tuchukue mfano wa kiwanda kidogo cha sabuni ya mwani hapa Unguja.

Hatua ya 1. Pima muda wa kuchanganya, kumimina, kukata na kufunga. Usiandike wastani pekee. Andika na siku mbaya, kwani foleni huzaliwa na tofauti hizo. Mwani huvunwa maji ya bamvua, takriban kila wiki mbili, kwa hiyo usiuingize kama kitu kifikacho kila siku.

Hatua ya 2. Jenga modeli ya hali ya sasa, yaani mfano wa kiwanda ndani ya kompyuta, uilinganishe na daftari la ghala. Zisipokubaliana, usiendelee.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye kazi. Kanuni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961 yasema kwamba idadi ya vitu vilivyomo ndani ni kasi ya kuingia mara muda wa kukaa. Sabuni isiyopikwa hukaushwa wiki nne hadi sita. Ukikata vipande 200 kwa siku na kuvikausha siku 30, vipande 6,000 vitakuwa rafuni, upende usipende. Kadi za kanbani, yaani kadi zinazoiambia hatua ya nyuma ilete zaidi, basi ziwekwe baada ya kukausha, ili kufunga na kubandika lebo kufuate oda. Ondoa kadi moja moja ndani ya modeli, na usimame pale oda zinapoanza kuchelewa.

Hatua ya 4. Zuia meli wiki nzima ndani ya modeli. Toyota yenyewe ilisimamisha viwanda mwaka 1997, baada ya moto kuunguza kiwanda cha Aisin kilichoiuzia valvu za breki.

Maswali ya wanachama

Swali: Maalim, modeli ikikataa kostiki iletwe kidogo kidogo, ndiyo tumeshindwa?
Jibu: La, ndugu yangu. Iwekee akiba inayotosha ucheleweshaji mrefu ulioupima, kisha upunguze akiba ya lebo na maboksi.

Swali: Programu za kulipia hatuziwezi. Tufanyeje?
Jibu: SimPy, programu ya kuigia kazi kama hizi, ni ya bure, ila inahitaji anayejua Python, lugha ya kuandikia programu. Kwa mstari mmoja wa kazi, jedwali la kompyuta lenye namba nasibu linatosha. Liendeshe tena na tena mpaka wastani wa ucheleweshaji utulie.